"Usinyanyue Kizito" ni Nusu ya Ushauri

Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali baada ya upasuaji huwa na mstari ule ule: pumzika, usinyanyue kitu kizito kwa wiki sita. Kwa anayeishi na watu wazima watupu, maelekezo hayo yanatosha. Kwa mama mwenye kichanga na mwingine wa miaka miwili hayasaidii kitu, kwa sababu kizito chenyewe kina miguu, kinalia, na kinamfuata hadi chooni.

Tuanze na hesabu. Mtoto aliyezaliwa juzi ana kilo 3 au 4. Wa miaka miwili ana kama kilo 12. Baada ya upasuaji wa kujifungua, mama huambiwa asinyanyue kinachozidi uzito wa kichanga wake, kwa hiyo yule mkubwa hayumo kabisa katika ruhusa. Hata hivyo, wageni wanaokuja kusaidia hukimbilia nani? Kichanga. Wanampakata, wanambembeleza, na mama anabaki kumtoa mkubwa kwenye beseni. Ninavyoona, huo si msaada. Kichanga mama anaweza kukaa naye kutwa nzima. Anayehitaji mikono ya mtu mwingine ni wa kilo 12.

Na wiki ya kuogopa si ya kwanza, ni ya pili na ya tatu. Wiki ya kwanza maumivu yenyewe humkataza mtu. Kuanzia siku ya kumi hivi, ngozi imeshafunga, dawa zimepungua, wasaidizi wameaga, na mama anajiona mzima. Lakini ngozi si ndiyo inayobeba mzigo. Chini yake kuna utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo, nao hupona polepole mno, kwa miezi. Ukivutwa mapema unaweza kuachia kidogo kidogo, na baadaye ikatokeza henia (ngiri, yaani utumbo kusukumwa nje kupitia palipoachia) kwenye kovu. Kwa aliyejifungua, mwili una namna yake ya kulalamika: damu iliyokuwa imeanza kuwa ya kahawia ikirudi nyekundu na kuongezeka, mara nyingi siku hiyo au jana yake kazi zilizidi.

Waliofanyiwa upasuaji wa matundu madogo, kama wa kidole tumbo au kibofu nyongo, hudanganyika zaidi. Tundu la kitovuni nalo limepita kwenye utando huo huo. Yale maumivu ya bega siku za mwanzo hutokana na gesi iliyotumika kupanua tumbo, na huisha yenyewe baada ya siku chache, kutembeatembea husaidia.

Basi nyumba ipangwe ili mtoto apande, asipandishwe. Kigoda imara kisichoteleza kiwekwe kando ya kochi na kingine kando ya kitanda. Mama akae kwanza, aweke mto juu ya tumbo, ndipo mtoto apande kutoka ubavuni, si kutoka mbele ambako magoti yake hutua moja kwa moja kwenye mshono. Asimvute kwa mkono mmoja: tumbo hukaza ghafla, na kiwiko cha mtoto mdogo huteguka kirahisi kikivutwa. Nepi ya mkubwa inabadilishika akiwa amesimama, ameshikilia kiti. Kumwogesha kila siku si lazima. Kitambaa na maji ya vuguvugu vinatosha siku mbili tatu, na siku ya kumwogesha kweli isubiri mtu mzima mwingine. Kitanda cha kichanga chenye kuta ndefu kinaumiza kwa kuinama, kwa hiyo godoro lipandishwe ngazi ya juu, ila lishushwe kabla mtoto hajajua kukaa. Anayetumia mbeleko aangalie mkanda au fundo lisikae juu ya mshono.

Ikitokea dharura na hakuna budi kumnyanyua, piga magoti au chuchumaa, mlete hadi agusane na kifua, kisha simama huku ukitoa pumzi. Wengi hubana pumzi wanaponyanyua, na hapo ndipo shinikizo ndani ya tumbo hupanda. Kanuni hiyo hiyo inahusu choo kigumu. Dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni hufunga choo, na kujikamua ni mzigo kamili kwa mshono. Maji mengi, mboga, matunda, na dawa ya kulainisha choo kama daktari ameiandika, vianze mapema.

Kuamka kitandani kwa kujikunja kama kisu cha kukunja ni kosa. Kunja magoti, geuka ubavu mwili mzima kwa pamoja, shusha miguu, kisha jisukume kwa mikono. Ukikohoa au kucheka, bana mto tumboni.

Kunyonyesha hakuna haja ya kusimamisha kwa sababu ya nusu kaputi. Kwa dawa zinazotumika kwa kawaida, mama akishazinduka vizuri na kuweza kumshika mtoto, anaweza kunyonyesha. Kumwaga maziwa kwa hofu humwachia matiti yaliyojaa, na matiti yaliyojaa bila kutolewa huelekea kuvimba kwa uchungu na homa. Mkao unaoepusha mshono ni wa kumweka mtoto chini ya kwapa, miguu yake ikielekea mgongoni mwa mama, au wote wawili kulala ubavu. Tahadhari ni moja na ni kubwa: aliyemeza dawa inayolewesha usingizi asilale na kichanga kitandani, wala asimnyonyeshe kwenye kochi akiwa anasinzia.

Maumivu yasivumiliwe kwa ushujaa, maana mama aliyekazana kwa maumivu hatembei, na asiyetembea damu huganda kirahisi miguuni. Kwa mtu mzima kipimo cha kawaida cha parasetamo ni gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24, na dawa za mafua ambazo nazo zina parasetamo zihesabiwe humo humo. Ibuprofeni, miligramu 400 kila saa 8 pamoja na chakula, huweza kutumiwa sambamba nayo na inafaa kwa anayenyonyesha. Mwenye vidonda vya tumbo au tatizo la figo aulize kwanza. Kodeini na tramadoli, ambazo ni za jamii ya afyuni, ni habari nyingine. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya wanaonyonyesha wasizitumie, kwa kuwa miili ya baadhi ya watu huzigeuza haraka kuwa kemikali yenye nguvu zaidi, ambayo kupitia maziwa huweza kumlegeza mtoto hata kupumua kwake kukawa kwa shida. Na dawa zote zikae juu, palipofungwa. Chupa kando ya kitanda cha mama ni chupa mkononi mwa mtoto wa miaka miwili.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, harufu, wekundu unaotambaa, mshono unaoachia, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, pedi kulowa kabisa ndani ya saa moja, au kichwa kuuma vikali na macho kuona ukungu ndani ya wiki sita za uzazi: lolote kati ya haya ni la kwenda hospitali papo hapo. Wengi wanaochelewa wanazijua dalili. Wamekwama kwa kuwa ni saa nane za usiku na watoto wamelala. Mtu wa kuja kulala nao apatikane kabla ya upasuaji, aambiwe wazi kwamba ataweza kuamshwa, na aonyeshwe nepi zilipo.