Ukungu wa Chupa, Lawama za Baba

Jamani, kuna watu wanadhani kwangu hatuoshi vyombo. Glasi zinasuguliwa kwa dodoki mpaka zinalia kwii, zikikauka tu, ukungu mweupe tena! Mgeni katoka juani saa nane mchana, mate yamemkauka, anainua glasi kwenye mwanga, anaishusha taratibu. "Asante shemeji, nimekunywa njiani." Njiani wapi, na nimekuona unashuka kwenye daladala huku unahema?

Kosa ni la maji. Huku kwetu Mbagala tunaoshea maji ya kisima, na kisima chetu kina chumvichumvi. Maji yakikauka, madini yake, kalsiamu na magnesiamu, hayakauki nayo, yanabaki yameng'ang'ania kioo. Ukiongeza sabuni ya mche ndiyo umechochea: badala ya povu unapata utando. Unasugua, unasuuza, unaambiwa hujaosha.

Afadhali glasi, mkono unaingia. Mama watoto anauza karanga za kwenye chupa, na chupa zenyewe ni za pombe ambayo, Mungu shahidi, sikuinywa mimi. Mteja wa Dar anataka aione karanga mpaka ya chini kabisa. Akikuta ukungu anauliza, "Hizi za mwaka gani?" Basi kazi ikawa ya baba.

Jirani yangu mjuaji akaniambia tia mchanga, tikisa. Mchanga! Mchanga unachora kioo, na ukungu wa mikwaruzo hautoki hata uombewe. Glasi zake mwenyewe kazimaliza kwa stilwaya, sasa anagawa ushauri. Dawa ni siki ya uvuguvugu, au ndimu kama hazijapanda bei. Tia na mchele mkavu kiganja kimoja, ziba mdomo, tikisa. Punje zinasugua pale kidole kisipofika. Palipobaki na ukungu hata baada ya kulowekwa usiku kucha, hapo kioo chenyewe kimelika, wekea misumari.

Sasa nifikirie mimi, mtu mzima, kifua wazi uani, natikisa mchele kwenye chupa. Mama mwenye nyumba kapita, kasimama. "Baba, leo wali mnapikia humo?" Asubuhi kwenye daladala konda ananusa upande wangu: "Nani kapanda na achari?"

Na bado hujamaliza. Ukisuuzia maji yaleyale ya kisima, ukungu unarudi kabla hujakaa chini. Glasi utaifuta kwa kitambaa. Chupa utaifuta na nini kwa ndani? Suuzo la mwisho ni maji ya mvua, na mvua yenyewe haipo, kwa hiyo nikachota kwenye dumu la maji ya kunywa, ya kununua. Kelele nilizopigiwa na mama watoto zilisikika mpaka Rangi Tatu.

Lakini chupa ziling'aa! Zikajazwa karanga, zikapangwa mezani. Mteja wa kwanza, mtu wa siku zote, akaishika moja, akaigeuza, akaiangalia shingoni.

"Mama, mbona siku hizi mmepunguza?"