Mzee wa Langobaya tuliyemjua mnadani

Nimesoma habari iliyoandikwa kuhusu mzee mfugaji wa Langobaya aliyefariki. Ni nzuri, ila mwandishi wake amekaa sana kwenye idadi ya ng'ombe aliokuwa nao. Mimi nina bucha hapa Malindi, nimenunua kwake miaka mingi, na ninachokumbuka ni ukweli wake. Mnyama akiwa na kasoro alikutajia mwenyewe kabla hujamshika: huyu aliugua ndigana, ule ugonjwa wa kupe, huyu anachechemea, toa bei ya chini.

Mwaka 2007, homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza hata watu, ilipotukumba na machinjo yakazuiwa, walikuwapo waliochinja usiku na kuuza kwa siri. Yeye alikataa katakata, na wakati huo watoto wanadaiwa karo. Alishika jembe akalima bamia na mchicha kando ya mto Sabaki mpaka soko likafunguliwa. Hapo ndipo nilipomheshimu.

Ukame ukizidi alihama na mifugo kuelekea Galana, wiki nzima simu haipatikani. Akifika penye mtandao, simu ya kwanza ni kwa mama watoto, ya pili kwangu kuuliza bei ya nyama. (Nilishazoea kuwa wa pili.) Na siku ya mnada, hata kama hakuuza kitu, hakurudi nyumbani bila halua ya wajukuu.

Poleni sana wanawe. Marehemu aliniachia mbuzi wawili kwa mkopo na sijamaliza kulipa. Mkubwa wenu apite buchani, pesa yake ipo.