Jamhuri au Muungano wa Mkataba: Mizani ya Mpaka wa Tanga

Kila mjadala wa Muungano unapopamba moto, takwimu moja ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu katiba mpya, hurudi mezani: takriban asilimia 60 ya Wazanzibari waliozungumzia muundo wa Muungano mbele ya Tume hiyo walitaka muungano wa mkataba, yaani nchi mbili zenye mamlaka kamili zinazokubaliana kushirikiana katika mambo yaliyoandikwa tu. Wanaoupenda mkataba huichukulia takwimu hiyo kama hukumu iliyokwisha kutolewa, na wanaoupinga huwaita wenzao wavunja Muungano. Sote tunaruka swali ambalo sisi wa Tanga tungeweza kulijibu kabla ya wengine: je, mtu wa kawaida anabaki na nini haki yake inapohamishwa kutoka kwenye katiba ya jamhuri na kuwekwa kwenye mkataba wa mataifa?

Tanga ina mipaka miwili inayofundisha jambo hilo. Upande wa bahari iko Pemba, ambayo ni sehemu ya jamhuri yetu tangu Aprili 1964. Upande wa kaskazini iko Horohoro, na ng'ambo yake Lunga Lunga ya Kenya, ambako tunahusiana na jirani zetu kwa Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini mwaka 1999. Wadigo wa Mkinga na Wadigo wa Kwale ni watu wa lugha moja na koo moja, waliotenganishwa na mstari ambao Waingereza na Wajerumani waliupatana mwaka 1886. Kwa udugu wa damu, Mdigo wa Lunga Lunga hana tofauti na yule wa Horohoro. Kwa sheria, Mpemba yuko karibu zaidi na Tanga kuliko huyo wa Lunga Lunga.

Tazama kibanda cha wakala wa miamala ya simu pale Ngamiani, mjini Tanga. Mpemba aliyeshuka na boti jana anaweza kukifungua akiwa na kitambulisho chake cha taifa na leseni kama mwingine yeyote, na hakuna afisa wa kumuuliza atarudi lini kwao. Mdigo wa Kwale hawezi. Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni na biashara ya rejareja. Amri hiyo ilitoka wakati Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya hiyo ya Afrika Mashariki, inayotaja uhuru wa watu kutembea, kufanya kazi na kuanzisha shughuli katika nchi wanachama, ina miaka 15 tangu ianze kutumika Julai 2010. Kwa Mdigo huyo, itifaki nzima ilipitwa na amri moja ya waziri. Anaweza kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, ambayo humpa mlalamikaji miezi miwili ya kufungua shauri. Lakini mtu mwenye mtaji wa kibanda anapata wapi wakili wa Arusha?

Sisemi haya kuilaumu amri yenyewe, maana hofu ya wafanyabiashara wadogo wa hapa ni ya kweli na serikali yoyote inawajibika kwa raia wake kwanza. Huo ndio uzito wa hoja yangu. Katika mkataba, kila serikali inabaki na raia wake na wengine ni wageni waliokubaliwa, na ukubaliwaji huo hupungua pale siasa za ndani zinapobana. Wamarekani waliliona hilo mapema: chini ya mkataba wao wa kwanza wa muungano, ulioanza kufanya kazi mwaka 1781, ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje ulikwama kwa sababu Rhode Island peke yake ilikataa. Senegal na Gambia ziliunda Senegambia mwaka 1982, na kufikia 1989 ilikuwa imevunjika.

Wenye kutaka mkataba wana madai mazito, na si haki kuyapuuza. Mambo ya Muungano yalikuwa 11 mwaka 1964 na leo ni 22, na Serikali ya Muungano ndiyo hiyo hiyo inayoendesha mambo ya Tanganyika, hivyo Mzanzibari anaona mwenzake amevaa kofia mbili. Kweli pia kwamba uwazi wa upande huu haujalipwa kikamilifu upande wa pili, kwani mtu wa bara hamiliki ardhi Zanzibar kama Mzanzibari. Mkataba ungeipa Zanzibar sauti katika mambo ya nje na ya fedha ambayo leo haina. Hilo nalikubali lote.

Hata hivyo, malalamiko hayo ni ya mgawanyo wa madaraka, na mgawanyo hurekebishwa ndani ya jamhuri: orodha ya mambo ya Muungano ipunguzwe, au serikali ya tatu, ya Tanganyika, iundwe kama Tume ilivyopendekeza na Bunge Maalumu likakataa mwaka 2014. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomgeuza Mpemba wa Ngamiani kuwa mgeni. Mkataba ungemgeuza, hata kama waandishi wake hawakukusudia, kwa sababu uraia wake ungekuwa wa nchi nyingine na makazi yake yangekuwa kifungu kinachoweza kujadiliwa upya.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo, tangu wakuu wa nchi walipochagua mwaka 2017 muungano wa mkataba kuwa hatua ya kuelekea shirikisho, inapita njia hii hii. Kenya, Uganda na Rwanda zimekwishakubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho; Tanzania bado inadai pasipoti au hati ya muda. Kabla ya kuandikwa katiba ya muungano huo, itajwe wazi ni haki zipi Mdigo wa Lunga Lunga atakuwa nazo Tanga ambazo waziri hawezi kuzifuta kwa amri, na ni mahakama gani, iliyo karibu naye, itakayozilinda.