Grafu ya moduli: ichorwe nzima au kipande?

Katika ofisi ninayofanyia kazi, Michenzani, ukutani pamebandikwa karatasi nne kubwa zilizoungwa kwa selotepu. Ni picha ya mfumo wetu wa kupokea wageni wa hoteli: kila moduli, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, ni duara; kila utegemezi, yaani moduli moja kuhitaji nyingine, ni mshale. Mgeni akiingia lazima asimame aitazame. Sisi tunaoandika msimbo wenyewe hatuigeukii, na jambo hilo limenikera muda mrefu.

Wasiozitaka picha hizi wana hoja nzito. Moduli zikiwa kumi, jicho hufuata mishale bila taabu. Zikizidi mia, mishale hupandiana mpaka picha ikawa kama jarife lililotatana. Graphviz, programu ya kuchora grafu iliyozaliwa katika maabara za AT&T, hupanga maduara kwa matabaka na kujaribu kupunguza mishale inayokatana, lakini kupata mpangilio ulio bora kabisa ni hesabu ngumu mno hata kwa kompyuta, kwa hiyo huridhika na ulio karibu. Tena kuna mambo ambayo hayahitaji picha. Moduli zinazotegemeana kwa mzunguko zinagunduliwa na kanuni aliyoitoa mtaalamu wa kompyuta Robert Tarjan mwaka 1972, nayo humaliza kazi kwa kupita kila mshale mara moja.

Hoja hiyo niliiamini mpaka siku risiti zetu zilipokwama. Kijana mmoja alibadilisha namna tarehe inavyoandikwa ndani ya moduli ya malipo, akaijaribu, ikakubali. Jioni wageni wakawa hawapati risiti. Kompyuta ilishatwambia kuna mzunguko: malipo inaita risiti, risiti inaita wageni, wageni inaita malipo. Tuliusoma mstari huo tukabishana karibu saa nzima, kila mtu akitetea sehemu aliyoiandika yeye. Nikachukua kalamu nikachora maduara matatu tu nyuma ya bahasha, na juu ya kila mshale nikaandika unachukua nini. Malipo huomba risiti ichapishwe, sawa. Risiti huomba jina la mgeni, sawa. Wageni je, inataka nini kwa malipo? Kupanga tarehe, basi. Tukaihamishia tarehe kwenye moduli yake peke yake, mzunguko ukakatika.

Mashine ilijua mzunguko upo. Mshale upi hauna haki ya kuwepo haikuweza kujua, kwa sababu hilo ni suala la maana, na watu watatu hawawezi kulijadili mpaka waelekeze kidole mahali pamoja.

Kwa hiyo mie nasimama upande wa picha, ila picha ya swali moja: nikigusa moduli hii, nani ataumia? Machi 2016 left-pad, kifurushi (msimbo ulio tayari wa kuazima) cha mistari 11, kilipoondolewa npm, ghala la mtandaoni la vifurushi vya JavaScript, miradi mingi ilikwama bila wenyewe kujua kwamba wanakitegemea, maana kilikuwa chini ya vifurushi vya vifurushi vyao. Swali hilo likigeuzwa, yaani nani akiguswa nitaumia mimi, lingewaonyesha njia nzima hadi chini.

Grafu itolewe na mashine kutoka kwenye msimbo wa leo, maana ya mkono huchakaa wiki ileile. Hata hivyo ina upofu wake. Moduli zetu za vyumba na wageni zinaandika kwenye jedwali moja la hifadhidata, wala hakuna mshale kati yao, kwani hakuna inayomwita mwenzake. Mishale ya namna hiyo bado tunaiongeza wenyewe, kwa kalamu nyekundu.