Injini Iliyonyweshwa Haluli

Mjomba wangu wa Ngamiani haamini kama kuna ugonjwa usiotibika kwa kuharisha. Tulipokuwa wadogo, shule zikifungwa tu tulipangwa mstari tukanyweshwa haluli: mwenye mafua, mwenye kidonda cha mguu, na yule asiyeumwa kitu. Kwa hiyo siku aliponiletea kikopo cha dawa ya kusafisha injini, macho yamemwangaza, nikaionea huruma Corolla yake.

Gari lenyewe la mwaka 1996 halikuwa na neno, ila mjomba hamwagi oili. Anaongeza. Mafundi wamuimbie kilomita 5,000 mpaka wakauke koo, yeye huchungulia kijiti cha kupimia oili, akiona imepungua anajazia, kazi imekwisha. Oili nayo ina sabuni yake ya kushika uchafu, lakini sabuni hiyo ina mwisho. Ikichoka, masizi na mvuke wa maji vinaganda kuwa tope. Humo ndimo alimotaka kumimina dawa, tena siku tunayopeleka barua ya posa ya binamu yangu Muheza.

Maelekezo nilimsomea mimi: mimina kwenye oili ya zamani injini ikiwa ya moto, iache ingurume hapo hapo ilipo dakika 10, zima, mwaga oili yote, badilisha filta, tia mpya.

"Dakika kumi!" Akacheka. "Haluli yenyewe inataka usiku kucha. Iache itembee humo ifike kila kona. Tutamwaga tukirudi."

"Mjomba, wameandika gari lisiendeshwe."

"Wameandika wao. Gari la nani?"

Mama mkubwa, dada yake wa toka nitoke, alishakaa nyuma na sinia la visheti mapajani, pembeni yake mshenga na barua. Nikashika usukani.

Kange tukapita salama. Kusema kweli gari likawa jepesi, na mjomba akanipiga bega: "Si unaona?" Jepesi lazima liwe, dawa zile zina viyeyusho na oili inageuka nyepesi. Tatizo ni kwamba ule utando unaozuia chuma kisisage chuma nao unakuwa mwembamba.

Tunakaribia Pongwe, taa nyekundu ya oili ikawaka. Mara juu ya injini, ka-ka-ka-ka-ka.

"Usizime!" mjomba akasema.

Nikazima.

Akashuka, akachomoa kijiti, akakifuta kwa leso, akakichovya tena, akatuletea dirishani kila mtu ajionee. Oili ilikuwa mpaka alama ya juu.

"Tele! Hiyo taa ni muongo."

"Na hayo makelele nayo yaongo?" akauliza mama mkubwa.

Hakungoja jibu. Akasimamisha Kosta ya Muheza, sinia kichwani, mshenga nyuma yake na bahasha kifuani, wakatuacha na vumbi.

Fundi tuliyempata Pongwe alitandaza boksi chini ya gari, akamwaga oili, akafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Kule ndani, kwenye mdomo wa pampu, kuna kichujio cha wavu. Matundu yake hayakuonekana hata moja. Akaomba kijiko cha chai kwa mama ntilie, akaanza kukwangua. Tope likang'ang'ania kijiko, akalipangusa kwenye boksi, boksi likanata kwenye kiwiko chake, akainuka nalo. (Kijiko tulikilipia.)

"Uchafu wa miaka umebanduka wote mara moja," akasema huku akijibandua. "Umekuja kuziba hapa. Oili imejaa chini lakini haivutwi kwenda juu. Taa haipimi wingi, inapima msukumo."

Mjomba akainama kulitazama lile tope. Ningekuwa mimi, ningeona haya. Yeye akageuka kwangu uso umechanua.

"Umeona ilivyotoa?"

Tukatia filta mpya na oili mpya, tukaingia Muheza baada ya magharibi. Wenyeji walikuwa wamefagia uwanja vizuri, mistari ya ufagio bado inaonekana, na mjomba akanielekeza niegeshe katikati kabisa, gari lipate kuonekana. Hatujamaliza hata chai, mzee wa kikeni akatoka na tochi. Mzee huyu alistaafu ufundi wa matrekta kwenye mashamba ya mkonge. Akamulika chini ya gari: dimbwi jeusi. Akatia kidole, akanusa.

"Mmelitia dawa hili?"

Hakuna aliyejibu.

"Sili zake, zile raba za kuzuia oili isivuje, zimezeeka, zimekauka. Tope ndilo lililokuwa limezishikia. Mmeliondoa tope, sasa oili itazuiwa na nini?"

Nilimkanyaga mjomba mguu. Haikusaidia.

"Samahani mzee," akasema, tayari mkono umo mfukoni kwenye pochi. "Na dawa ya kufungisha, haipo?"

Mzee akamulika tochi, akampandisha na kumshusha. Kisha akamgeukia mama mkubwa, taratibu, kama apimaye maneno:

"Shemeji, na huyu bwana ana udugu na kijana wetu?"

"Hapana," akasema mama mkubwa. "Ni jirani tu, katusindikiza."