Vijana wetu hawakosi bando, wanakosa kujua tangazo liko wapi

Kila kukiwa na semina ya kufundisha vijana kutambua habari feki hapa Kisumu lazima utasikia mtu akisema hiyo ni NGO inamaliza pesa ya wafadhili kabla mwaka uishe. Soda, tishati, picha ya pamoja, kwisha. Na mimi siwalaumu wanaosema hivyo, maana semina za namna hiyo tumeziona.

Hoja yao, kwamba vijana hawahitaji kufundishwa, ina uzito. Juni 2024 ni vijana ndio walichambua Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza ushuru, kwa TikTok na X, wengine wakautafsiri kwa lugha za nyumbani ndio mama zao waelewe, mpaka tarehe 26 Rais akakataa kuutia sahihi, sasa nani alikuwa amewafundisha? Tena kuna sheria ya makosa ya mitandao ya 2018, ambayo iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa kuchapisha uongo, kwa hivyo wanasema shida si kujua, shida ni kwamba ukijua na ukisema unajitafutia balaa. Sawa.

Lakini hiyo Juni hiyo ilituonyesha kitu kingine ambacho watu hawapendi kukitaja. Ushuru wa asilimia 16 kwa mkate uliondolewa kwa mswada tarehe 18, ila kwa magroup yetu picha ya mkate iliendelea kuforwadiwa siku kadhaa baadaye, na wenye kutetea serikali wakapata pa kushikilia, eti hawa watoto hata hawajui wanapinga nini. Mswada ulikuwa bado na mambo mengi mabaya ya kupingwa. Tuliwapa njia ya kukwepa bure kabisa.

Halafu kuna namba moja inanikera. Kila mchambuzi anayetaka kuwachapa vijana anasema Wakenya asilimia 75 ni vijana na bado kwa uchaguzi wa 2022 walikuwa asilimia 39.84 tu ya wapiga kura waliosajiliwa, kwa hivyo ni wavivu. Ngoja kwanza. Hiyo 75 ni ya sensa ya 2019 na ni watu wote walio chini ya miaka 35, pamoja na mtoto wa chekechea (PP1) na yule anayenyonya! Huwezi kuiweka kando ya daftari la wapiga kura la tume ya uchaguzi, IEBC, ambalo linaanzia miaka 18, na redioni hakuna aliyewauliza, wanatikisiwa tu kichwa. Mimi ningeanza somo lolote la habari na hiyo namba peke yake. Ukishaitoa, kinachobaki bado ni kibaya: vijana waliosajiliwa walikuwa kama milioni 8.8 kati ya milioni 22.1, na hesabu yao ilishuka kwa zaidi ya asilimia 5 ukilinganisha na 2017, ilhali ndani ya hiyo miaka 5 mamilioni walifikisha 18. Ilishuka! Huo uvivu wanaosema hauelezi mbona miaka miwili baadaye hao hao wakajaa barabarani hapa Kondele kuupinga mswada. Mimi naona waliamini sauti yao inasikika kwa simu na kwa barabara, kwa karatasi, iwe ya kura ama ya bajeti, hapana.

Na karatasi ndio elimu nzuri ya habari inafaa kuwafikisha. Kuna kikao nilikaa mtaani Nyalenda, voice note ilikuwa inazunguka kwamba kaunti haijatumia hata bob kwa zahanati. Mwezeshaji hakusema ni kweli ama ni uongo, aliwaambia wafungue ripoti ya Msimamizi wa Bajeti, ile hutoka kila robo mwaka, watafute jedwali la idara ya afya. Jamaa wa boda akawa anasoma kwa sauti, kidole kwa skrini iliyopasuka, zilizotengwa, zilizotumika, mpaka watu wakanyamaza. Hakuna aliyetoka pale akiipenda kaunti zaidi. Ila swali liliacha kuwa "hawa ni wezi tu" likawa pesa ilitengwa mbona imelala, na ni ya wadi gani. Swali la kwanza MCA, yule mwakilishi wa wadi, analicheka, hilo la pili linamtoa jasho.

Kitu kingine, kaunti lazima ipeleke mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na wananchi wanafaa kutoa maoni. Tangazo la mkutano linawekwa gazetini. Kijana gani wa Manyatta ananunua gazeti? Siku ikifika hema linajaa watu wa MCA waliobebwa na matatu, halafu ripoti inaandikwa vijana hawakuja.

Kuna pingamizi moja nakubali halina jibu rahisi: ukimfundisha mtu kushuku kila kitu anaweza kushuku mpaka kura yenyewe na akae nyumbani. Na kama kaunti haijibu barua, semina haitaifanya ijibu. Ndiyo maana sitaki hii kazi ibaki hotelini siku mbili. Mtaala wa shule zetu, CBC, una stadi 7 za msingi, na uraia na ujuzi wa dijitali zote ziko ndani, lakini shuleni zinafundishwa kama hazijuani: hapa mtoto anakariri haki zake, pale anafundishwa kuwasha tableti, na hakuna anayemwambia afungue bajeti ya kaunti kwa hiyo hiyo tableti aone wadi yao imepewa nini.