Hiyo "na zidisha, au jumlisha" ndo inatuponza

Kila aliyepita sekondari bongo anaijua hii. Ukiona "na" unazidisha, ukiona "au" unajumlisha, kwisha habari ya probabiliti (uwezekano wa kitu kutokea), mwalimu anafuta ubao tunahamia mada nyingine. Na form four ilitosha kabisa maana maswali yalikuwa yale yale, mpira mwekundu, mpira mweusi, twende. Sasa mtu anakua, anapata kazi, siku moja anaamua kuomba masta Marekani, chuo kinamwambia leta GRE (mtihani wa kuombea masta), anaitoa ile kanuni kabatini kama suti ya graduation anajaribu kuivaa, kumbe vifungo havifungi.

Maoni yangu ni haya, mnaweza kunirushia mawe: ile kanuni bora tusingefundishwa kabisa.

Nasema hivi kwasababu nimekaa jioni nyingi tu na mdogo wangu wa kwa mama mkubwa, anajiandaa na huo mtihani, na dogo sio kilaza, anafanya kazi na namba kila siku. Lakini kila likija swali la probabiliti anakimbilia kalkuleta kabla hajamaliza kusoma. Halafu kalkuleta kwenye GRE unapewa, ipo pale pale kwenye skrini. Hebu jiulize, mtu anayetunga swali anajua una kalkuleta, sasa mtego atauweka kwenye namba? Anauweka kwenye maneno. Na muda nao ni mfinyu, tangu walivyoufupisha Septemba 2023 hesabu ni maswali 27 kwa dakika 47, yaani hata dakika mbili kwa swali huna, kwahiyo mtu anaona maneno "na" na "au" anashukuru Mungu anabonyeza.

Siku moja nikachukua vizibo vya soda, vitano vyekundu vitatu vya bluu, nikavitia kwenye kofia. Nikamwambia unachomoa viwili bila kurudisha, uwezekano wa kupata angalau kimoja cha bluu ni ngapi? Hakuvigusa hata. "Kaka, bluu cha kwanza au bluu cha pili, najumlisha. 3/8 na 3/7, 45/56." Na ujue kwenye mtihani hiyo 45/56 huwa ipo kwenye majibu, imekaa imetulia inakusubiri. Sikumbishia. Nikambadilishia rangi tu, nikamwambia haya sasa bluu ndo ziwe tano na nyekundu tatu, rudia. 5/8 jumlisha 5/7, ikaja 75/56. Akaiangalia. Akaiangalia tena. Uwezekano unaozidi moja, yaani kitu kina uhakika kuliko uhakika wenyewe.

Hapo ndo akatia mkono kwenye kofia. Na ukitia mkono unaona kosa lilipo bila mtu kukuelezea sana: ile 3/7 ni ya siku ambayo cha kwanza kimetoka chekundu, na siku hiyo haiji kila mara, inakuja mara 5 kwenye 8. Kwahiyo sio 3/8 jumlisha 3/7, ni 3/8 jumlisha 5/8 mara 3/7, inakuja 36/56. (Na likiwa swali la kujaza jibu mwenyewe usihangaike kurahisisha, GRE inapokea 36/56 hivyo hivyo, watu wanapoteza sekunde za bure hapo.)

Ila njia nzuri kabisa ya "angalau" dogo alikuwa anaijua siku zote, hakujua tu kwamba anaijua, maana anabeti. Nikamwambia weka mkeka wa mechi tano, kila moja tuseme una uhakika wa asilimia 80, na hazihusiani. Mkeka unachanika lini? Akajibu haraka, "Moja tu ikichana umekwisha." Enhe! Hiyo "moja tu" ndo angalau moja yenyewe. Sasa ukitaka kujua uwezekano wa kuchanika utaanza kuhesabu ichane ya kwanza peke yake, au ya pili peke yake, au ya kwanza na ya nne, au... njia za kuchanika zipo 31, utazeeka. Njia ya kutiki ni moja tu, zitiki zote. 0.8 unaizidisha yenyewe mara tano unapata kama 0.33, kwahiyo kuchanika ni 0.67. Alinyamaza kidogo, nadhani alikuwa anakumbuka hela zake.

Ukirudi kwenye kofia ni kitu kile kile. Mkeka wa "angalau kimoja cha bluu" unachanika kwa njia moja tu, vyote viwili vitoke vyekundu, 5/8 mara 4/7, 20/56, toa kwenye moja. 36/56. Sekunde kumi.

Na tusijione wajinga sana maana hili kosa lina umri. Ufaransa huko kulikuwa na mcheza kamari mmoja, Chevalier de Méré, alijua kwamba ukirusha dadu moja mara nne kupata angalau sita moja kunalipa, akapiga hesabu ya harakaharaka kwamba dadu mbili ukizirusha mara 24 kupata sita mbili kwa pamoja itakuwa vilevile, si 4 kwa 6 na 24 kwa 36 ni kitu kimoja? Sio kitu kimoja. Ya kwanza ni kama asilimia 51.8, ya pili 49.1. Pascal akamwandikia Fermat, wote wanahisabati, kuhusu huyo jamaa mwaka 1654. Kwahiyo dogo yupo kwenye kampani nzuri tu.

Sasa "na" nayo. Idara ina wanawake wanne na wanaume sita, wanachaguliwa watatu kwa bahati nasibu waende semina Dodoma (posho ipo, kwahiyo wote wanataka). Uwezekano watoke wanawake wawili na mwanaume mmoja? Kanuni inasema "na" zidisha: 4/10 mara 3/9 mara 6/8, jibu 1/10. Safi kabisa, tena namba nzuri imekaa vizuri, lazima uiamini. Ila umehesabu mwanamke, mwanamke, halafu mwanaume, kwa foleni hiyo hiyo. Nani kasema mwanaume lazima atajwe mwisho? Anaweza kutajwa wa kwanza, anaweza kutajwa katikati. Mara tatu, 3/10. Hapa ndo nampaga kazi ya kunisimulia swali kwa kiswahili kama tukio, nani katajwa kwanza, nani kafuata, kofia imebaki na nini, kabla hajagusa namba yoyote. Watu wataniambia muda hautoshi kusimulia. Kusimulia ni sekunde 15 jamani, kukosea ndo kunakula swali zima.

Swali lililonifurahisha zaidi ni lile la kulinganisha vitu viwili, kipi kikubwa, au vinalingana, au haiwezi kujulikana. Uwezekano wa A ni 0.6, wa B ni 0.5, linganisha uwezekano wa A na B kutokea pamoja dhidi ya 0.3. Mwezi uliopita dogo angesema zinalingana asubuhi na mapema. Safari hii akakaa. Akasema, "Kaka, tuseme A ni mvua na B ni foleni." Nikasema enhe. "Si inategemea mji? Kama foleni inakuja siku za mvua tu basi vyote pamoja ni 0.5. Kama foleni inakuja zaidi siku za jua inaweza kushuka mpaka 0.1." Akachagua "haiwezi kujulikana", kalkuleta hata hakuifungua. Swali halikusema popote kwamba hivyo vitu havitegemeani, ni sisi tu tumezoea tukiona "na" tunazidisha.

Jumamosi iliyofuata nikamkuta ameshika simu anaweka mkeka wa timu saba. Nikamuuliza umepiga hesabu? Akasema amepiga, kila moja 0.8, uwezekano wa kutiki ni asilimia 21. Akabonyeza.

Ya tatu ikachana.